Kutoka Ufukweni hadi Madhabahuni: Mwongozo wa Kuzuru Misheni ya Bagamoyo

Wageni wengi wanaofika misheni ya Bagamoyo hushukia mbele ya kanisa kubwa, hupiga picha mbili tatu mlangoni, huuliza mwili wa msafiri David Livingstone ulilazwa wapi, kisha hurudi garini. Wanaondoka na picha nzuri, lakini habari za mahali hapo wanaziacha pale pale. Misheni hii si jengo moja. Ni ufuko, miti, mnara, makaburi, nyumba za ghorofa, pango la sala na kanisa, na kila kimoja kilikuja kwa wakati wake na kwa sababu yake. Ukianzia kanisani, ambako ndiko historia ya ujenzi wa misheni ilikoishia, utaona kuta tu. Ukianzia baharini na kupanda taratibu kwa kufuata miaka, utajua kuta zile zilitoka wapi na ni mikono ya nani iliyozisimamisha.

Mwongozo huu umepangwa kwa njia hiyo. Unamfaa Mkristo anayekwenda kuhiji, Mwislamu anayetaka kuijua historia ya pwani yake, mwalimu anayepeleka wanafunzi, na yeyote mwenye siku moja ya mapumziko na miguu ya kutembea. Ombi langu ni moja: popote utakaposimama, uliza kwanza nani aliyebeba mawe. Mapadre na wasafiri wa Ulaya majina yao yanatajwa kila siku. Waliobeba mawe hutajwa mara chache, na bila wao pasingekuwa na kitu cha kuzuru.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Bagamoyo iko umbali wa kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, na barabara ni ya lami mpaka mjini. Mabasi madogo huondokea Makumbusho, yakapita Tegeta, Bunju na Mapinga. Foleni ya Dar ndiyo inayokula muda kuliko safari yenyewe, kwa hiyo ondoka alfajiri. Ukishuka stendi ya Bagamoyo, mwambie dereva wa bajaji au bodaboda akupeleke misheni ya Katoliki. Patana nauli kabla ya kupanda. Ukiweza kulala mjini usiku mmoja, lala, maana mambo ya kuona hayaishi kwa siku moja.

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hufanya njia za udongo kuwa tope. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi. Hata hivyo jua la mchana la pwani ni kali mwaka mzima. Anza matembezi saa mbili asubuhi, uwe umemaliza sehemu za wazi kabla ya saa tano, kisha makumbusho na ndani ya kanisa uviwekee saa za joto.

Chagua siku kwa makusudi. Kama unataka kutazama majengo kwa utulivu, nenda siku ya kazi. Kama unataka kusikia kanisa likiimba, nenda Jumapili, lakini ujue kwamba siku hiyo kanisa ni la waumini: keti, fuata Misa mpaka mwisho, na matembezi yawe baadaye. Ijumaa mchana mji hutulia kwa ajili ya sala, kwa hiyo usipange kuzunguka mitaa ya kale saa hizo.

Mavazi yawe ya heshima toka unapotoka nyumbani. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na misheni ni nyumba ya ibada. Gauni au sketi ipite magoti, mabega yafunikwe, mwanamume avae suruali na avue kofia akiingia kanisani. Mwanamke akibeba khanga moja mkobani amejitosheleza: itamfaa kanisani, itamfaa mjini, na jua likizidi itamfaa kichwani. Beba pia maji ya kunywa na noti ndogo ndogo kwa ajili ya sadaka na mwongoza wageni.

Salamu kwanza, maswali baadaye

Hapa usianze na simu mkononi. Ukimkuta mtu misheni, salimia. Wakatoliki husalimiana “Tumsifu Yesu Kristo”, na jibu lake ni “Milele amina”. Kama si dini yako hulazimiki. “Shikamoo” kwa mzee na “habari za asubuhi” kwa wengine zinatosha. Padre mwite Padre, sista mwite Sista. Jieleze kwa kifupi umetoka wapi na umekuja kutazama nini, kisha uliza kama kuna ibada, harusi au mazishi siku hiyo. Ikiwa ipo shughuli, subiri au anzia upande mwingine.

Ulizia makumbusho ya misheni kuhusu kiingilio na mwongoza wageni, lipa huko, na udai risiti. Usimfuate mtu aliyekudaka barabarani kwa kuwa tu anajiita mwongozaji. Ukimpata mwongoza wageni mzuri, mpe nafasi ya kusimulia kwa mwendo wake. Habari nyingi za mahali hapa ziko vinywani mwa watu kuliko vibaoni.

Kituo cha kwanza: msalaba wa ufukweni

Teremka mpaka pwani, palipo msalaba wa kumbukumbu ya mwaka 1868. Mwaka huo Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka bahari kutoka Zanzibar, ambako shirika lao lilikuwa limeanza kazi tangu 1863. Pwani yote hii ilikuwa chini ya Sultani Majid wa Zanzibar. Misheni waliyoianzisha ndiyo mama wa parokia nyingi za Kikatoliki za bara la Afrika Mashariki.

Geuka utazame bahari, kisha geuka utazame bara. Ulipo wewe ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishusha hapa pembe za ndovu baada ya miezi ya kutembea. Watu waliotekwa bara nao waliletwa hapa, wakapakiwa majahazini kwenda Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa halali mpaka tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Kabla ya hapo, mapadre waliwakomboa watoto kwa kuwanunua sokoni. Baadaye walipokea waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazini. Hao ndio waliokuwa wakazi wa kwanza wa misheni, na wengi walikuwa watoto wadogo waliotoka makabila mbalimbali ya bara, bila mama wala baba wa kuwauliza njia ya kurudi.

Ukielewa hilo hapa ufukweni, kila utakachokiona huko juu kitakuwa na maana. Nasaha nyingine ni za kawaida: usitembee ufukweni peke yako ukiwa na simu ya bei na mkoba wa fedha, nenda mkiwa kundi, na uliza maji yatajaa saa ngapi kabla ya kusogea mbali.

Kituo cha pili: miembe na mbuyu

Panda kuelekea misheni kwa kupita chini ya miembe mikubwa, kumbukumbu ya miaka ya mwanzo ya misheni. Nenda polepole. Kivuli hicho ni kazi ya watu, maana mche wa mwembe unataka kumwagiliwa na kulindwa na mbuzi kabla haujajitegemea.

Kisha ulizia mbuyu. Inaelezwa kwamba ulipandwa mwaka ule ule wa 1868, na leo shina lake ni nene kiasi kwamba watu kadhaa hawawezi kulikumbatia. Sogea karibu, inama, utafute kipande kifupi cha mnyororo kinachochungulia kwenye shina. Gamba limevimba pande zote na kuumeza mnyororo, kimebaki hicho kipande tu nje, chenye kutu. Mgeni akikiona moyo hushtuka, kwa sababu amekwisha sikia habari za watumwa, na anaamini papo hapo kwamba alifungwa mtu hapa. Masimulizi ya misheni ni tofauti: mnamo 1895 hivi, muuguzi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliuzungushia mti huu mnyororo ili kumfunga punda wake.

Usiuvute mnyororo wala usiukwaruze. Wewe unayeongoza wanafunzi, wape kisa hiki taratibu, wajifunze kuuliza kabla ya kukata shauri. Bagamoyo ina machungu ya kweli ya kutosha, hakuna haja ya kuyaongezea ya kubuni.

Kituo cha tatu: mnara wa kanisa la kale

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar na pwani hii, kikabomoa majengo ya misheni changa. Watu wakaanza upya. Mwaka huo huo likajengwa kanisa la mawe, na mnara wake ndio unaoitwa leo Mnara wa Livingstone.

Hapa ndipo lile swali la nani aliyebeba linapopata majibu yenye majina. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa sasa Zambia. Waliokuwa naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikata shauri la kumrudisha kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, akasoma sala na kuchonga maandishi katika shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa wiki mbili, wakauviringisha katika kitambaa, gome la mti na turubai, wakauning'iniza kwenye mti wa kuchukulia na kuutia begani.

Walitembea miezi tisa hivi. Walipofika Tabora walimkuta afisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wauzike mwili pale pale. Wakakataa. Tarehe 24 Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mapadre Wakatoliki wakampokea Mprotestanti huyo wa Uskoti, mwili ukalazwa kanisani. Siku ya pili ulichukuliwa kwa meli ya Waingereza kwenda Zanzibar, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Katika wote walioubeba, ni Wainwright peke yake aliyehudhuria maziko yale. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha fungwa.

Ukisimama chini ya mnara, mwombe mwongozaji akusimulie habari za Susi na Chuma kwa kirefu kama anavyosimulia za Livingstone. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi mwaka 1891. Usipande ndani ya mnara bila ruhusa; jengo lina umri wa zaidi ya miaka 150 na linahitaji kutunzwa.

Kituo cha nne: makaburi

Makaburi ya misheni husomwa kwa kutazama umri. Toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, utakuta mapadre, mabruda na masista waliokufa wakiwa vijana, baadhi wakiwa hawajatimiza miaka thelathini. Homa iliwamaliza. Ilikuwa bado haijathibitishwa kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Jambo hilo lilijulikana kwa uhakika mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati makaburi haya yalikuwa yamekwisha kuwa mengi.

Lakini usiishie kwenye makaburi yenye maandishi. Walioletwa na majahazi nao waliugua, tena wengi walifika wakiwa wamedhoofu kwa njaa na safari. Kwa kila jina lililochongwa hapa, kumbuka wasiochongewa. Usikae juu ya makaburi, usikanyage katikati yake, na watoto wasikimbizane. Mwenye dua aombe dua, mwenye sala asali.

Kituo cha tano: nyumba ya mapadre na makumbusho

Nyumba ya mapadre ilianza kujengwa 1873, na ghorofa ya juu ikaongezwa 1903. Simama kwa mbali utazame safu za matao yake zilizo wazi. Matao hayo ni mapambo, lakini kazi yake kubwa ni kuruhusu upepo wa bahari upite na kuzuia jua lisipige ukuta wa vyumba. Hapa alikaa pia Padre Charles Sacleux, mtaalamu wa mimea na lugha, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa 1939 na bado inatumiwa na watafiti wa lahaja zetu.

Makumbusho yamo katika nyumba iliyokuwa ya masista, iliyojengwa 1876. Masista hao walikuwa Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na liliwapokea wanawake waliokuwa watumwa kuwa watawa sawa na wengine. Yaani baadhi ya waliowalea watoto wa Bagamoyo walitoka katika jamii iliyoonja utumwa yenyewe. Jambo hili hutajwa kwa nadra, nami ningependa kila msichana anayezuru hapa alisikie.

Ndani utaona picha za zamani, vifaa vya misheni na kumbukumbu za biashara ya utumwa. Ingia bila haraka. Soma maelezo, kisha rudi kwenye picha na utazame nyuso za walio nyuma, siyo wale waliokaa vitini mbele. Uliza kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa.

Ukiwa hapo, ulizia mwaka 1888. Mwaka huo Abushiri bin Salim na watu wa pwani walipambana na kampuni ya Wajerumani, na Septemba manowari ya Kijerumani iliipiga Bagamoyo mizinga. Watu wengi wa mjini walikimbilia misheni, na Abushiri hakuishambulia. Kwa kipindi kigumu, uwanja huu unaouona ulikuwa kambi ya wakimbizi wa dini zote.

Kituo cha sita: kijiji cha waliokombolewa na pango la Bikira Maria

Pango la Bikira Maria wa Lourdes lilijengwa 1876, miaka kumi na minane tu baada ya habari za Bikira Maria kutokea Lourdes kuanza kusikika Ufaransa. Wajenzi wanatajwa kuwa watumwa waliokombolewa. Waumini huja hapa kuwasha mishumaa na kusali rozari. Ukimkuta mtu amepiga magoti, pita nyuma yake kwa utulivu, usimpige picha.

Hapa pia ndipo pa kuzungumza ukweli wote wa kijiji cha Kikristo kilichoanzishwa kwa ajili ya waliokombolewa. Watoto walifundishwa kusoma, dini, kilimo na ufundi. Walipokua walioana na kupewa nyumba na shamba. Kwa mtoto aliyekuwa auzwe ng'ambo, hilo lilikuwa kubwa. Lakini maisha yalikuwa chini ya kengele na amri, kazi za shamba zilikuwa nyingi, na hawakuulizwa wanataka kuwa nani. Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu mwanzo wa Ukatoliki Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba baadhi walilalamika na wengine walitoroka. Kulisema hili si kuidharau misheni. Ni kuwapa heshima watu wale, kwamba walikuwa na mawazo yao, na kwamba waliobaki na kulijenga kanisa walibaki nao wakiwa na sababu zao.

Kituo cha saba: kanisa la 1914

Sasa nenda kanisani. Ujenzi ulianza 1910 ukamalizika 1914. Mwaka huo huo wa 1914 reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na hapo njia ya misafara iliyoifanya Bagamoyo kuwa Bagamoyo ikapoteza kazi yake. Wajerumani walikuwa wamekwisha hamishia makao yao makuu Dar es Salaam tangu 1891, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni mafupi na meli kubwa haziwezi kukaribia. Kwa hiyo kanisa hili kubwa lilikamilika wakati mji unapungukiwa. Vita Kuu ilianza mwaka huo, na kufika Agosti 1916 mji ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Serikali zimepita, biashara zimepita, na Misa inaendelea kusomwa hapa hadi leo.

Kabla ya kuingia, zunguka nje. Majengo ya kale ya Bagamoyo ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni mpaka yakawa unga mweupe, kisha ikazimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga. Katika nyumba za kale za mjini, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo huzidi mita tatu kwa nadra, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Ukiingia kanisani inua macho upime kwa jicho upana wa ukumbi. Boriti za mikoko zisingeweza kuuvuka. Ilibidi zitumike nguzo, matao na kenchi, ufundi ambao mafundi wa hapa waliongeza juu ya ule waliourithi wa kupasua jiwe na kuchoma chokaa.

Tazama pia hali ya kuta. Chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Ukuta wa kale ukipigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi ya bahari hufungiwa ndani, baada ya miaka plasta huvimba na kubanduka, na jiwe lililo nyuma yake huanza kuwa unga. Ukiona mahali pamebanduka kwenye jengo lolote la kale, usipachokonoe kwa kidole. Na usiandike jina lako ukutani hata kwa penseli.

Mlangoni kuna maji ya baraka; Mkatoliki atachovya na kufanya ishara ya msalaba, mwingine atapita kwa heshima. Taa ndogo inayowaka karibu na tabernakulo ni ishara kwamba Ekaristi imo. Wakatoliki hupiga goti wanapofika usawa wake. Wewe unaweza kuinamisha kichwa. Usipande altareni. Zima sauti ya simu. Keti kwenye benchi kwa muda, bila kamera. Ikiwa ni wakati wa Misa, wasio Wakatoliki hubaki kwenye nafasi zao wakati wa komunyo, na hakuna atakayewashangaa.

Usiondoke bila kuuona upande wa pili wa mji

Safari ya misheni haijakamilika kama hujasikia habari za Sheikh Ramiya. Jina lake halisi lilikuwa Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtumwa mtoto, akasoma mpaka akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiriya. Alipofariki 1931 alikuwa miongoni mwa masheikh wakubwa wa pwani yote. Ziara na zikri za Kadiriya zimeendelea Bagamoyo baada yake.

Tazama basi. Upande mmoja wa mji, kanisa lilijengwa na watoto waliochukuliwa utumwani. Upande wa pili, mtoto mwingine aliyechukuliwa utumwani akawa mwalimu wa Uislamu ambaye wenyeji waungwana walikaa miguuni pake kusoma. Njia ile ile ya misafara iliwaleta wote, na dini zote mbili za mji huu zina deni kwao. Ukienda kuzuru msikiti au kaburi, fuata adabu zile zile: salimia, omba ruhusa, vua viatu panapohitajika, jisitiri, na uongozwe na mwenyeji.

Mchango na utunzaji

Majengo ya kale hula fedha. Weka sadaka ndani ya sanduku la kanisa hata kama si dini yako. Ni mchango wa paa na kuta. Nunua chakula na kazi za mikono kwa wenyeji, mpe mwongozaji kinachomstahili. Usiokote jiwe wala kipande cha chuma kama kumbukumbu. Taka zako ondoka nazo.

Kwa walimu, hili ni la pekee. Kabla ya safari, gawa darasa katika makundi, kila kundi lipewe mtu mmoja wa kumfuatilia: Susi, Chuma, Wainwright, sista wa Réunion, mpagazi wa Kinyamwezi, mtoto aliyeshushwa jahazini, Sheikh Ramiya. Mkirudi shuleni, kila kundi liandike ukurasa mmoja na kuusoma kwa sauti. Wanafunzi watakaofanya hivyo watazijua tarehe zote zilizomo katika mwongozo huu bila kukariri, kwa sababu kila tarehe itakuwa na mtu wake.

Nasi watu wazima tufanye hivyo hivyo nyumbani. Kila parokia kongwe ina vitabu vya ubatizo, kila msikiti wa zamani una wazee wanaojua nani alichimba kisima na nani alitoa kiwanja. Ukitoka Bagamoyo, nenda kwenye nyumba ya ibada ya mtaani kwenu ukaulize swali lile lile, na majibu uyaandike pamoja na majina, wangali hai wanaoyakumbuka.